Mjamzito, samaki wa Feri na kombe za Mtoni: madini tembo yako wapi hasa

Dada wa Mtoni, hongera kwa ujauzito, na asante kwa kuuliza swali ambalo wengi wanalo ila wanabaki nalo moyoni. Kwa faida ya wengine: dada ana mimba ya miezi mitano, anakaa Mtoni kwa Azizi Ali, mume wake analeta samaki toka soko la Feri, mara nguru, mara vibua, mara papa mkavu wa kupika na nazi, alafu kuna jirani anapita jioni na ndoo ya kombe na kaa wanaotolewa hapo hapo kwenye mikoko. Shoga yake kamwambia samaki wote wa Dar wana madini tembo, yaani metali nzito kama risasi na zebaki, kwa sababu ya uchafu wa Mto Msimbazi. Sasa anauliza aache samaki kabisa mpaka ajifungue? Akitoa matumbo na kumkaanga mpaka akauke, madini yanatoka? Na zile kombe za jirani je?

Naanza na jibu lenyewe maana najua unalihitaji leo. Samaki usiache. Nguru mkubwa, papa na jodari waweke pembeni mpaka umalize kunyonyesha, na papa mkavu hesabu ni papa vilevile. Kombe, chaza na kaa wa hapo Mtoni na wa Msimbazi usile kabisa kwa sasa. Kukaanga hakutoi kitu. Dagaa, vibua, tasi na pono kula kwa raha zako.

Sasa ngoja nikueleze kwanini, mana ukishaelewa hutahitaji kuniuliza kila samaki mmoja mmoja.

Shoga yako kachanganya mambo mawili ambayo watu wengi huwa wanayachanganya, hata magazeti. Hakuna kitu kimoja kinaitwa madini tembo kinachotembea baharini kwa njia moja. Risasi, kadimiamu, kromiamu, shaba, zinki, zebaki, kila moja ina tabia yake, ina kiumbe inachopenda kukaa ndani yake, na ina sehemu ya mwili inayojificha. Yapo yanayobaki pale pale chini kwenye tope na wanaoishi humo, na ipo moja, zebaki, inayopanda juu kutoka kiumbe hadi kiumbe mpaka inafika kwa samaki mkubwa ambaye hata Msimbazi hajawahi kuuona.

Tuanze na ya tope. Msimbazi unatoka huko milima ya Pugu, unapita Vingunguti, Tabata, Kigogo, Jangwani, mpaka unamwagika baharini pale chini ya daraja la Salenda. Njiani unapokea maji ya viwandani, gereji, wapaka rangi, wachomeleaji, betri za gari zilizovunjwa, vijana wanaochoma nyaya kutafuta shaba, na taka za nyumbani ambazo hakuna anayezihesabu. Kwenu huko Mtoni ni Mto Kizinga na Mzinga, na lile dampo la zamani lilikuwa karibu kabisa na mikoko, limefungwa ila taka zilizozikwa hazijaenda popote. Madini haya hayapendi kuelea kwenye maji, yanashika vumbi la mfinyanzi na uchafu mlaini, yanasafiri nao. Yakifika pale maji baridi ya mto yanapokutana na maji chumvi, zile chembe zinaanza kugandana zenyewe kwa zenyewe, zinakuwa nzito, zinazama. Ndo maana mzigo mkubwa hauendi mbali baharini, unaishia mlangoni, kwenye mikoko, ambako mizizi nayo inapunguza kasi ya maji na kukamata kilichobaki. Watafiti wamekuwa wakipima tope la mikoko ya Dar kwa miaka mingi, na mwaka 2001 ilichapishwa kazi iliyolinganisha mikoko minne ya jiji pamoja na vile vikonokono vidogo vinavyopanda kwenye majani na mashina, kuona madini yanaingiaje mwilini mwao na yanawabadilisha vipi maumbile. Kwa hiyo hili sio jambo la uvumi, ni jambo linalofuatiliwa.

Siku ukipita maji yakiwa yametoka, ukichimba kidogo kwa kijiti chini ya mikoko, juu utakuta tope la kahawia, sentimita chache tu, alafu chini yake jeusi tii linalonuka yai viza. Ile harufu ni muhimu sana kwenye hadithi hii. Chini pale hakuna hewa, kwa hiyo kuna bakteria wanaoishi bila oksijeni, wanatumia salfeti ya maji ya bahari na kutoa ile gesi ya yai viza. Sehemu ya gesi hiyo, yaani salfaidi, inashikana na risasi na kadimiamu, inayafungia humo humo kwenye tope jeusi yasiyeyuke. Hilo ni zuri. Shida ni kwamba tope likivurugwa, iwe mafuriko ya masika yanayolisomba kutoka Jangwani au mitambo inayochimba, hewa inaingia, kifungo kinalegea na madini yanarudi kwenye maji. Na bakteria hao hao ndio wanaoweza kuibadili zebaki ya kawaida kuwa zebaki ya methili, ambayo ndo hatari yenyewe, ila hiyo nitaifikia.

Nani anakula kwenye tope hilo? Kombe na chaza hawatembei, wanakaa sehemu moja maisha yao yote wakivuta maji na kuyachuja, chaza mmoja mkubwa lita kadhaa kwa saa, mchana na usiku maji yakiwepo, na kila chembe inayonata wanaikusanya. Hawana njia nzuri ya kuyatoa madini yote kwa hiyo wanayafunga kwenye miili yao na kuendelea kuishi. Wanafanya kazi hiyo vizuri kiasi kwamba tangu miaka ya 70 wanasayansi duniani wanawatumia kome na chaza kama kipimo cha uchafu wa pwani, wazo ambalo Edward Goldberg alilipigia debe mwaka 1975: badala ya kuchota maji ambayo leo machafu kesho safi, mchukue chaza, atakuambia kilichopita hapo miezi mingi. Kiumbe anayefaa kuwa kipimo cha uchafu ni kiumbe ambaye hutaki kumla pale ambapo uchafu upo. Hata viwango vya Ulaya vinaonyesha hivyo, kwa nyama ya samaki risasi inaruhusiwa mpaka miligramu 0.3 kwa kilo, kwa jamii ya chaza na kombe mpaka 1.5, yaani sheria yenyewe inakubali kwamba hawa wanabeba zaidi.

Kaa naye anakula kombe, konokono, mizoga na uchafu wa tope. Ukimfungua kaa wa mikoko, ukibandua lile gamba la mgongo, unakutana na kitu laini cha njano au kahawia ambacho wengi wanakipenda kwa utamu wake, wanakipakaza kwenye ugali. Ile sio mafuta tu, ndo ini lake, na kadimiamu ikiingia mwilini mwa kaa inakimbilia hapo. Nyama nyeupe ya kwenye gando na miguu huwa na kidogo sana. Vivyo hivyo pweza na ngisi, kadimiamu inakaa kwenye matumbo yao, kwa hiyo pweza aliyesafishwa vizuri sina ugomvi naye, hata ile supu ya jioni, cha msingi matumbo yawe yametolewa yote na asiwe wa mlangoni mwa mto. Kamba, achana na kunyonya kichwa.

Hapa ndo nataka uelewe kitu kinachowashangaza wengi: risasi kwa kawaida haipandi. Kombe akiwa nayo nyingi, samaki anayemla kombe anakuwa na kidogo zaidi, na anayemla samaki huyo anakuwa na kidogo zaidi tena, kwa sababu risasi inakaa kwenye mifupa, magamba na matamvua badala ya nyama, na nyingi inapita tumboni bila kufyonzwa. Kadimiamu kwenye nyama ya samaki nayo ni hivyo hivyo karibu. Kwa hiyo changu aliyevuliwa huko Mafia au Kilwa akaletwa Feri kwenye barafu hawezi kuwa na risasi ya Msimbazi, hajawahi kufika. Feri ni soko tu, wavuvi wanavua mbali na pale. Ukiona taarifa inapiga kelele kwamba kaa au chaza wana shaba na zinki nyingi, usishtuke sana, damu ya kaa inatumia shaba kubeba hewa kama yako inavyotumia chuma, na chaza kwa asili yake ana zinki nyingi. Aseniki nayo kwenye samaki iliyo nyingi ni ya aina isiyo na sumu, unaikojoa ikatoka.

Kwa mjamzito lakini risasi tunaiogopa hata ikiwa kidogo. WHO, shirika la afya duniani, wanasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama, na mwaka 2010 kamati ya wataalamu wa WHO na FAO, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, ilifuta kile kiwango cha risasi cha kwa wiki kilichokuwa kinaruhusiwa kwa sababu hiyo hiyo. Inapita kwenye kondo na kugusa ubongo wa mtoto unaojengwa. Ndo maana nimekuambia kombe za Mtoni hapana, sijasema punguza.

Na kwa sababu tunaongelea risasi, dada, kama unakula udongo, ule wa vijiti wanaoita pemba unaouzwa sokoni, naomba sana uache. Tanzania hii hii udongo wa wajawazito umeshapimwa maabara ukakutwa na risasi na aseniki, na unautafuna kila siku, wakati kombe unakula mara moja moja. Hamu ya udongo mara nyingi inaendana na upungufu wa damu, na mwili wenye upungufu wa chuma unafyonza risasi zaidi, kwa hiyo vile vidonge vya kuongeza damu vya kliniki vimeze kama ulivyoelekezwa hata kama vinakuchefua.

Sasa zebaki, maana hii ndo inayohusu samaki wa Feri.

Zebaki inaingia baharini zaidi kutoka hewani. Duniani kote inayotoka kwenye uchimbaji mdogo wa dhahabu, kule wanakokamatisha dhahabu kwa zebaki na kuichoma, ndo chanzo kikubwa kuliko vyote cha zebaki ambayo binadamu anaitoa hewani, kinafuatiwa na kuchoma makaa ya mawe. Inazunguka dunia, inanyesha na mvua, inafika bahari kuu. Kwenye maji ipo kidogo mno, huwezi kudhurika kwa kuogelea. Bakteria wasiohitaji hewa, kwenye tope na pia kwenye maji ya kina cha kati ambako oksijeni ni haba, wanaigeuza kuwa zebaki ya methili, na hii ina kiu ya protini. Vijimea vidogo visivyoonekana kwa macho vinaivuta kutoka kwenye maji, na hatua hiyo ya kwanza peke yake inaikuza mara makumi elfu. Vijidudu vinakula vijimea, dagaa wanakula vijidudu, kibua anakula hao wadogo, nguru anakula vibua na dagaa kila siku kwa miaka mingi. Kila anayekula anabakiza karibu yote aliyoikuta kwenye chakula chake, kwa sababu inaingia kirahisi na kutoka inachukua muda mrefu sana. Ni kama upatu ambao kila mtu anachanga na anayepokea ni mmoja tu, kila mzunguko. Kwa hiyo cha kuangalia kwa zebaki sio kavuliwa wapi, ni anakula nini, ana ukubwa gani na ameishi miaka mingapi. Dagaa mchele maisha yake ni mafupi sana, muda wa kukusanya hana. Nguru anaweza kuishi hata zaidi ya miaka 20, papa wengine zaidi.

Ngoja tupige hesabu, mimi naamini hesabu kuliko maneno. Kamati hiyo hiyo ya FAO na WHO ilisema mwaka 2003 kwamba kwa ajili ya kumlinda mtoto aliye tumboni, mtu asipitishe mikrogramu 1.6 za zebaki ya methili kwa kila kilo ya uzito wake kwa wiki. Kama una kilo 60 hiyo ni mikrogramu 96 kwa wiki nzima. Vipimo vya Marekani vya miaka mingi, papa wastani ni karibu miligramu 1 kwa kilo, ndugu wa nguru wetu anayevuliwa Ghuba ya Meksiko 0.73, sadini 0.013. Namba ni za kwao ila mpangilio ni huo huo bahari yoyote. Maana yake gramu 100 tu za papa na wiki yako imeisha, nguru gramu 130, yaani kipande kimoja cha kawaida cha kwenye biriani. Samaki wadogo jamii ya dagaa ungehitaji kula zaidi ya kilo 7 kwa wiki ili ufike hapo. Kilo saba! Unaona tofauti ilivyo.

Papa mkavu nakujibu kwa uwazi kwa sababu najua anavyopendwa. Robo tatu ya samaki mbichi ni maji. Akikaushwa maji yanaondoka, zebaki inabaki, kwa hiyo gramu 100 za papa mkavu zimebeba mzigo wa gramu mia mbili, tatu hivi za mbichi. Ukimloweka usiku kucha unatoa chumvi, zebaki haitoki.

Hapo hapo ndo jibu la kukaanga. Zebaki ya methili imeshikana na protini ya nyama yenyewe, haikai kwenye mafuta, haikai kwenye damu ya kuoshwa, ndimu haiitoi, tangawizi haiitoi, moto hauiunguzi. Ukimkaanga mpaka akauke unafanya kama kumkausha, kila kipande kinabaki na mzigo ule ule kikiwa kidogo zaidi. Kutoa matumbo na matamvua endelea nako, kunasaidia kwa kadimiamu na risasi, na samaki anakaa vizuri zaidi. Ila kwa zebaki dawa ni moja tu, kubadilisha samaki. Na usitegemee harufu au rangi, samaki mwenye zebaki ni mtamu na mzuri kama mwingine yeyote.

Watu wakisikia zebaki wanakumbuka Minamata, Japani, ambako mwaka 1956 ugonjwa ulitangazwa rasmi baada ya kiwanda cha Chisso kumwaga zebaki kwenye ghuba kwa miaka. Akina mama walionekana wazima kabisa wakazaa watoto walioumia vibaya, kwa sababu zebaki ya methili inapita kwenye kondo na damu ya mtoto inakuwa nayo nyingi kuliko ya mama. Ndo huko jina la Mkataba wa Minamata lilikotoka, na Tanzania ni mwanachama. Lakini sisi hatuko Minamata, na mfano unaotufaa zaidi upo jirani, Shelisheli, bahari yetu hii hii. Kule akina mama wajawazito walikuwa wanakula samaki kama mara 12 kwa wiki, zebaki kwenye nywele zao ilikuwa mara kadhaa ya wanawake wa Marekani, watafiti wakawafuatilia watoto wao tangu mwisho wa miaka ya 80 mpaka wamekuwa watu wazima na hawakuona madhara ya kueleweka. Visiwa vya Faroe, ambako zebaki ilitokana zaidi na nyama ya nyangumi, watoto wa miaka saba walionekana kupungukiwa kidogo kwenye lugha, umakini na kumbukumbu. Wengi tunaamini mafuta mazuri na virutubisho vya samaki vinamsaidia mtoto, na ukiacha samaki wote unamnyima hivyo kwa kukwepa kitu ambacho dagaa na kibua hawana cha kutisha. Ndo maana nasisitiza usiache. Mara mbili tatu kwa wiki ni vizuri, na dagaa wanaoliwa na mifupa yake wanakupa kalsiamu, ambayo mwili ukiwa nayo ya kutosha haubomoi mifupa yako na kuachia risasi ya zamani iliyojificha humo.

Uliyokwishakula miezi hii mitano usijitese nayo. Nusu ya zebaki ya methili mwilini inatoka kwa siku kama 50, kwa hiyo ukibadilisha leo, mpaka unajifungua itakuwa imeshuka sana. Nguru akiwa kwenye pilau la watu ukala kipande kimoja, hakuna kilichoharibika, wiki hiyo na inayofuata kula dagaa tu.

Kwa jirani, nenda naye taratibu, ndo riziki yake. Mwambie una mimba, utanunua tena baadae. Na wakati huo ukifika, muulize anatoa wapi, wa upande wa mbali na mlango wa mto na dampo ni nafuu, kaa utamtupa lile ini la njano, na kombe zozote zichemke mpaka zifunguke zote na ziendelee kuchemka dakika kadhaa baada ya hapo, mana zinachuja na maji ya vyoo pia, na wadudu wa magonjwa waliomo humo, tofauti na madini, moto unawaua.